Eti daktari wa mifugo aliyejifunzia kwenye ng'ombe bandia ni feki?

Kauli hii naisikia sana kwa wafugaji wa hapa Dar, kuanzia Kivule mpaka Kigamboni, eti kijana akifundishwa kwa kompyuta na midoli atamaliza chuo hata kumshika ng'ombe hajui. Naelewa wasiwasi wao, ng'ombe wa maziwa ni hela ndefu na hakuna anayetaka mtu aje kujaribia kwake. Sasa asipojaribia kwa bandia atajaribia kwa wa nani?

Chukulia kupima mimba. Mwanafunzi anavaa glavu ndefu mpaka begani, anaingiza mkono kwa njia ya haja kubwa na anatakiwa apapase kizazi kupitia ukuta wa utumbo, haoni kitu, utumbo unambana mpaka vidole vinakufa ganzi, na mwalimu pembeni anachoona ni kiwiko tu, yaani dogo akisema "nimekipata" hana namna ya kujua kama kashika kizazi au kibofu. Ndo maana Sarah Baillie, daktari wa mifugo wa Uingereza, akatengeneza Haptic Cow mwanzoni mwa miaka ya 2000. Ni kiwiliwili bandia cha nyuma ya ng'ombe, ndani kuna kifaa kinachoendeshwa na kompyuta, ukisukuma kidole unahisi umbo na ugumu wa kizazi, huku mwalimu anafuatilia kwenye skrini kila unapogusa na kukuelekeza. Na wanafunzi walipopelekwa kwa ng'ombe hai, waliopitia kwenye mashine walikipata kizazi vizuri zaidi kuliko wenzao ambao hawakupitia.

Wengine wanadhani basi ng'ombe hai anaondolewa kabisa. Hapana jamani! Mashine hairushi teke, na kumkaribia ng'ombe, kumfunga kamba, kujua huyu kashtuka au anaumwa, hayo yote utayajulia zizini. Bandia inatangulia tu.

Halafu ile ya kwamba ni mambo ya nchi tajiri, hii inaniumiza zaidi kwa sababu inawakatisha watu tamaa bure. Kushona kidonda unaanza na sponji au ganda la ndizi. Kutafuta mshipa, chukua mpira wa dripu, jaza maji ya rangi, ufiche chini ya kitambaa kizito, sindano ikiingia sawasawa rangi inarudi. Vizazi halisi vinapatikana machinjioni, Vingunguti si hapo tu, mwanafunzi akivishika mezani huku anaviona, vidole vinavikumbuka akija kupapasa gizani.

Kuna wanaosema pia huo ni uzungu wa kuhurumia wanyama. Ni kweli Russell na Burch, wanasayansi wa Uingereza, waliandika tangu 1959 kwamba tutumie mbadala, tupunguze idadi ya wanyama na tuwapunguzie maumivu, ila hata ukiweka huruma pembeni, ng'ombe mmoja akiingizwa mikono na wanafunzi wageni mmoja baada ya mwingine utumbo unaweza kuchubuka mpaka utoe damu, na hasara hiyo ni ya mfugaji.

Mi ninachokihofia ni kifaa kuachwa bila mwalimu, maana mwanafunzi atarudia kosa lile lile mpaka alizoee.