Kukata sailensa hakulipatii lori nguvu mpya
Ujumbe wa "kata sailensa, weka bomba pana, lori la zamani la dizeli lipande mlima Sekenke kama halina mzigo" bado unazunguka kwenye magrupu ya madereva Dodoma. Si kweli. Nguvu hutokana na dizeli kuungua vizuri kwa hewa ya kutosha. Kwenye injini isiyo na turbo (kifaa cha kusukumia hewa zaidi ndani ya injini), bomba pana huongeza kidogo mno. Kinachotudanganya ni mngurumo. Moshi mweusi nao ni dizeli isiyoungua yote. Ekzosi iliyopondeka au kuziba ndiyo hukaba injini, hiyo badilisha.

Pima mwenyewe: mzigo uleule, mlima uleule, tazama saa. Lori likikosa nguvu, kwanza fungua chujio la hewa, kwa vumbi letu huziba haraka, kisha nozeli zinazonyunyizia dizeli zipimwe. Tafadhali, msiusambaze tena ujumbe huo.