Ardhioevu: hata mikokoni kwetu ni humo

Ukitaja ardhioevu, wengi hufikiria kinamasi cha bara chenye matete na vyura. Sisi wa Mombasa tunayo mlangoni, ila hatuiiti hivyo. Twasema mikokoni, basi: penye mikoko, miti inayoota kwenye tope la maji ya chumvi.

Ardhioevu ni mahali ambapo maji ndiyo yanayoamua nini kiote na nani aishi hapo, yawe matamu au ya chumvi, ya mwaka mzima au ya msimu. Mkataba wa Ramsar, ule wa kimataifa wa kulinda ardhioevu, uliotiwa saini Iran mwaka 1971, unahesabu hata bahari, mradi kina chake maji yakipwa kisizidi mita 6. Kwa hiyo mikoko ya hori zetu, Tudor, Mtwapa na Port Reitz, yote imo.

Shuka Jomvu maji yakipwa. Utaona vijiti vimechomoza topeni kama penseli: ni mizizi ya mchu, aina mojawapo ya mikoko, inatafuta hewa ambayo ndani ya tope haipatikani. Ramba jani lake, utaonja chumvi. Pembeni kuna mkoko wenyewe, mizizi yake imepinda kama miguu ya kaa, na humo ndimo watoto wa samaki na kamba hujificha wasiliwe. Wakikua hutoka kwenda baharini. Mvuvi wa huko nje huenda hajawahi kukanyaga tope hili, lakini samaki wake wamelelewa hapa.

Wanaokanyaga nao wana riziki yao: kaa wa mashimoni, chaza, asali, na miti ya kujengea. Dari za nyumba kongwe za Mji wa Kale zimebebwa na boriti za mikoko, na upana wa chumba ulifuata urefu wa boriti.

Mikoko ikifyekwa, tope husombwa na kaa hupungua, na anayeliona hilo kwanza ni yule aliyezoea kurudi na ndoo imejaa. Ndiyo maana vikundi vya vijijini hulinda na kupanda. Kule Gazi, Kwale, mradi wa Mikoko Pamoja umekuwa ukiuza hewa ya kaboni, yaani kulipwa kwa kaboni ambayo mikoko huifyonza na kuihifadhi, tangu miaka ya 2010, na fedha zake zimesaidia maji na shule.

Ila kupanda kwa ajili ya picha tu sikubaliani nako, maana kila aina ya mkoko ina mahali pake. Mlilana hukaa mbele, unakopigwa na bahari. Mkandaa hutaka nyuma, maji yanakofika kwa nadra. Ukiuchomeka mkandaa mahali pa mlilana, umeuzamisha.