Kabla Hujanunua "Jedi ya Wamaya": Hati Zinazotakiwa na Adhabu Zilizopo

Idara yetu ya mikusanyo imekuwa ikipokea picha nyingi kutoka kwa wasomaji wa Kiswahili wanaoishi Marekani: kishoka cha jiwe la kijani, kinyago chenye pembe za mdomo zilizoshuka, shanga mbili tatu. Maswali ni yaleyale. Ni ya kweli? Ina bei gani? Tuanze na la pili: hatukadirii bei kwa mtu yeyote, hata akipiga simu mara tatu.

La kwanza lina maelezo. Jedi, jiwe gumu la thamani, waliyochonga Waolmeki, na baadaye Wamaya, watu wa kale wa Meksiko na Amerika ya Kati, ni ya aina iitwayo jedaiti, na chanzo chake kinachojulikana katika eneo lile ni bonde la mto Motagua, Guatemala. Si kila jiwe la kijani ni jedi. Waolmeki wenyewe walichonga serpentini, jiwe jingine la kijani, kwa wingi, nayo ni laini zaidi, kwa hiyo ulaini peke yake hauthibitishi kwamba kitu ni bandia. Tafadhali acheni kukikwaruza kwa kisu. Tochi ya simu nayo haitoi jibu. Mafundi wale hawakuwa na zana za chuma. Walikata jiwe kwa kamba, maji na mchanga mgumu, kazi ya siku nyingi, na mikwaruzo ya namna hiyo hutofautishwa na ya mashine kwa hadubini, si kwa macho.

Jiwe likiwa la kweli, ndipo matatizo yanapoanza. Wengi hutuonyesha "cheti cha uhalisi" kilichotolewa na muuzaji, wakidhani ni kinga. Kinathibitisha nini? Kwamba unacho kitu cha kale cha Wamaya. Hakisemi kilitokaje nchini mwake, na hilo ndilo atakalouliza afisa wa forodha.

Sheria ya Meksiko ya mwaka 1972 inasema vitu vya kale vya kabla ya kufika Wahispania ni mali ya taifa. Kuvitoa nje bila kibali kunaweza kumpeleka mtu jela hadi miaka 12. "Lakini mzee aliyeniuzia alikiokota shambani kwake." Shamba ni lake, kilichomo ardhini si chake, wala si chako.

Kwa vitu vya Guatemala, Marekani iliweka zuio la dharura mwaka 1991 kwa vile vya Petén, eneo la kaskazini mwa nchi hiyo, kisha nchi hizo mbili zikafikia makubaliano mapana mwaka 1997. Utaratibu wa mpakani ni huu: uonyeshe kibali cha kusafirisha kilichotolewa na nchi ya asili, au ushahidi unaokubalika kwamba kitu kilitoka nchini humo kabla ya zuio. Usipokuwa navyo, forodha hukishikilia. Zikipita siku 90 bila hati, kinaweza kutaifishwa, na nchi ya asili ndiyo hupewa nafasi ya kwanza ya kurudishiwa. Hilo halihitaji wewe kushtakiwa. Kesi ya jinai ni jambo jingine: anayevusha mali yenye thamani ya dola 5,000 au zaidi akijua imeibwa anaweza kufungwa hadi miaka 10. Haya ni maelezo ya jumla. Mwenye kitu mkononi amwone wakili.

Wapo wanaotuona wakali kupita kiasi. Mfano mmoja unaonyesha sababu yetu. Mwaka 1955, huko La Venta, makazi ya kale ya Waolmeki katika jimbo la Tabasco, Meksiko, wanaakiolojia walikuta sanamu 16 ndogo zimesimamishwa kama watu walio mkutanoni, mbele ya vishoka sita vilivyosimikwa wima. Moja, ya jiwe la chengachenga, ilivipa vishoka mgongo, nyingine zikiwa mbele yake. Tabaka za udongo zilionyesha kwamba baada ya kufukiwa, watu wa hapohapo walirudi, wakachimba hadi vichwa vikaonekana, kisha wakafukia tena. Inaonekana walikuwa wakihakikisha kwamba bado zipo. Sanamu hizo zingechimbwa usiku na kuuzwa mojamoja, leo zingekuwa mapambo ya kabati 16 tofauti na mkutano ule usingejulikana. Hata Chuo Kikuu cha Harvard, ambacho makumbusho yake ya Peabody yalipokea jedi zilizoopolewa katika kisima cha Chichén Itzá, mji wa kale wa Wamaya, kilirudisha baadhi yake Meksiko katika miaka ya 1970.

Ukitaka kumbukumbu ya safari, karakana za Antigua Guatemala huuza jedi mpya. Dai risiti inayosema wazi kwamba ni kazi mpya.

Aliyerithi kitu asikiuze wala kukituma kwa posta. Akusanye kwanza barua, picha za zamani, karatasi za bima, hata bahasha yenye muhuri wa tarehe. Na asikioshe. Unga mwekundu kwenye michoro huenda ukawa sinabari, madini mekundu waliyoyatumia makaburini, nayo yana zebaki: usiusugue kwa mswaki, weka kitu ndani ya mfuko uliofungwa, nawa mikono, kisha utuandikie.