Gari likichemsha likiwa limesimama, anza na feni

Mteja akinipigia simu kusema gari limechemsha, swali langu la kwanza halihusu maji. Namuuliza: lilikuwa linafanya nini? Hapa Kigoma mara nyingi ninajibiwa kwamba lilikuwa limesimama na injini inanguruma, watu wanapakia mizigo. Mwingine anasema ametoka Kasulu salama, mshale wa joto haukutikisika, akafika Kibirizi, akasimama kusubiri dagaa wake, geji ikapanda. Huyo nikiwa bado sijagusa boneti nimeshaishuku feni.

Gari likikimbia kilomita 60 au 80 kwa saa, upepo wa mwendo unapita kwenye rejeta na kuyapoza maji, kwa hiyo feni haina kazi kubwa. Likisimama, feni ndiyo inayovuta hewa peke yake. Ndiyo maana feni ikifa gari linakuwa zima barabarani na mgonjwa likisimama. Dalili zikiwa kinyume, yaani likisimama limetulia lakini likikimbizwa linachemsha, achana na feni. Hapo angalia rejeta iliyoziba, thamostati iliyokwama (kilango kinachoruhusu maji kwenda kwenye rejeta) au pampu ya maji iliyochoka. Mlima wa kwenda Manyovu unachanganya watu, kwa sababu gari linapanda kwa gia ndogo, joto la injini ni kubwa na upepo ni kidogo, hivyo ugonjwa wowote kati ya hiyo unaweza kujitokeza pale.

Ninalisisitiza hili kwa sababu hedi nyingi (sehemu ya juu ya injini) zinafunguliwa kabla feni haijapimwa. Inawezekana kweli gasketi ya hedi imeungua, lakini imeunguzwa na nini? Ukifunga mpya huku feni haizunguki, nayo itaungua.

Kipimo chepesi ni AC. Kwenye magari mengi ya feni ya umeme, zikiwemo hizi Toyota IST zilizojaa mjini, ukiwasha AC feni inatakiwa kuzunguka ndani ya muda mfupi. Ikizunguka kwa AC lakini kwa joto la injini haizunguki, basi mota ni nzima na umeme unafika. Tatizo litafute kwenye sensa ya joto la maji au nyaya zake. Kama AC ya gari imekufa, liache linanguruma huku unaitazama geji. Feni nyingi huwaka maji yakikaribia nyuzi 95 hivi. Mshale ukivuka katikati na feni iko kimya, zima injini, usisubiri mvuke. Na mikono isikae karibu na mapanga ya feni, maana kwenye baadhi ya magari inaweza kuwaka yenyewe hata injini ikiwa imezimwa.

Isipozunguka kabisa, anza na fyuzi. Kwenye Toyota nyingi imeandikwa RDI, na huwa ya ampea 30 au 40. Usiikague kwa macho tu, ipime kwa mita. Ikiwa imeungua, jiulize sababu kabla ya kuweka nyingine: mota yenye busha (vipande vinavyoshikilia mhimili wake) zilizokwisha inazunguka kwa shida na kula umeme mwingi. Wanaokunja waya na kuuchomeka mahali pa fyuzi wanatafuta moto, sina lugha ya upole kwa hilo. Rilei, yaani swichi inayowashwa na umeme, ni rahisi: ibadilishe na nyingine ya boksi hilohilo yenye umbo na namba zilezile, uone.

Kisha mota yenyewe. Chomoa soketi yake, ipe umeme moja kwa moja kutoka kwenye betri. Ikikaa kimya, igonge taratibu kwa mpini wa bisibisi. Ikishtuka na kuzunguka, kaboni zake (vipande vinavyopeleka umeme ndani ya mota) zimekwisha, na itakuacha njiani siku yoyote. Ukinunua mota ya mtumba, angalia inazunguka upande gani. Nyaya zikigeuzwa, mota inageuka nayo, na feni inasukuma hewa kwenda mbele badala ya kuivuta. Kwa macho utaona feni inafanya kazi, na gari linachemsha vilevile. Weka karatasi mbele ya rejeta: inatakiwa kuvutwa na kunata.

Gari lenye feni mbili lina mtego wake. Kwenye baadhi ya Toyota, kwa mwendo mdogo feni hizo zinapokezana umeme, unapita kwenye mota moja ndipo ufike ya pili. Mota moja ikikatika, zote mbili zinasimama, halafu joto likizidi ile nzima inaamka peke yake. Fundi asiyejua hilo atabadilisha sensa bure.

Njia ya mkato ya mtaani ni kuunga feni “dairekti”, izunguke muda wote ukiwasha gari. Kufika nyumbani ukitokea Uvinza, sawa, ilimradi waya ni mnene na una fyuzi. Kuishi nayo hivyo, hapana: kaboni zinakwisha mapema na alteneta inabeba mzigo usio wa lazima. Kibaya zaidi ni wanaong'oa na thamostati juu ya hilo. Injini inachelewa kupata joto lake na inakunywa mafuta.

Hiace na Land Cruiser nyingi za dizeli hazina mota hiyo. Feni yake inaendeshwa na injini kupitia klachi yenye mafuta mazito ya silikoni. Zima injini ikiwa ya moto, izungushe kwa mkono uliovaa glavu: ikijizungusha raundi kadhaa bila ukinzani, klachi imekufa.

Kitu kimoja kinafanana sana na feni mbovu, nacho ni mfuniko wa rejeta. Ziwa letu la Tanganyika liko mita 770 hivi juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo hapa maji ya wazi huchemka kwenye nyuzi 97. Mfuniko mzima ulioandikwa 1.1 (kipimo cha shinikizo) unakandamiza maji na kuongeza zaidi ya nyuzi 20 hapo. Ukivuja, maji yanachemka muda mfupi tu baada ya feni kuwaka, na feni inabebeshwa lawama. Ufungue gari likiwa limepoa kabisa. Na usijaze maji ya ziwani, yana chumvi zinazoganda ndani ya rejeta, weka kulanti, yaani maji maalumu ya rejeta.

Ukimaliza kazi, zima AC, liache gari linanguruma mpaka feni iwake na kuzima yenyewe mara mbili. Ikiwaka vizuri, inavuta hewa, na mshale bado unapanda huku mapovu yanatoka kwenye rejeta, sasa ndiyo uzungumzie gasketi.