Karatasi inarudi kwa nani? Dhana potofu kuhusu uandishi wa katiba mpya

Mjadala wa katiba ukiibuka, iwe Dodoma au Nairobi, macho yetu huenda kwa wanaoshika maikrofoni. Tunakumbuka nani alifoka, nani alitoka nje, nani alipigiwa makofi. Mimi nimefuatilia michakato miwili kwa karibu, wa Kenya uliozaa Katiba ya 2010 na wa Tanzania uliokwama baada ya 2014, na nina hakika tunakosea mahali pamoja. Hatuulizi rasimu imekabidhiwa nani, kwa kanuni gani, na ikishachezewa inarudi mikononi mwa nani. Dhana nyingi potofu zinachipukia hapo.

"Katiba mpya huanza na karatasi tupu"

Haianzi hivyo. Sheria ya 2008 iliyounda Kamati ya Wataalamu ya Kenya, chini ya uenyekiti wa wakili Nzamba Kitonga, iliwataka wanakamati wapitie rasimu zilizotangulia: ya tume ya Profesa Yash Pal Ghai, ya mkutano wa kitaifa wa katiba uliofanyika Bomas, Nairobi, iliyopitishwa Machi 2004, na ile iliyoangushwa na wapiga kura Novemba 2005 katika mpambano wa ndizi, alama ya ndiyo, na chungwa, alama ya hapana. Kazi ya mwanzo ikawa kuchambua: lipi limekwisha kubalika, lipi bado lina utata. Wakabaki na mafungu matatu ya utata, yaani mamlaka ya utendaji na Bunge, ugatuzi, na masharti ya kipindi cha mpito.

Mahakama za Kadhi hazikuingia kwenye orodha hiyo, ingawa makanisa mengi yalizipinga kwa nguvu zote. Wapo waliodhani zimechomekwa. Watu wa Mombasa na Lamu wanajua vingine: zilikuwamo katika Katiba ya uhuru ya 1963, kutokana na makubaliano kuhusu ukanda wa Mwambao uliokuwa milki ya Sultani wa Zanzibar. Anayeandika katiba hurithi ahadi za watu waliokwisha kufa, na hawezi kuzifuta kwa sababu tu zinamtatiza.

"Wageni ndio waliowaandikia Wakenya"

Wajumbe wenye kura katika kamati ile walikuwa tisa. Sita walikuwa Wakenya. Watatu walitoka Uganda, Zambia na Afrika Kusini. Nchi ilikuwa imetoka kumwaga damu baada ya uchaguzi wa 2007, na kila Mkenya msomi alikuwa ameshapachikwa upande. Kuwaweka watu watatu wasio na kabila wala chama cha kutetea lilikuwa jambo la busara.

"Wakijifungia hotelini, wanapanga njama"

Hili nalisikia zaidi kuliko yote, nami niliwahi kuliamini.

Tarehe 17 Novemba 2009 wataalamu wa Kenya walitoa rasimu iliyowianishwa, wananchi wakapewa siku 30 kutoa maoni. Rasimu hiyo iligawa madaraka ya utendaji kati ya Rais na Waziri Mkuu. Januari 2010 ikapelekwa kwa Kamati Teule ya Bunge, iliyoongozwa na Abdikadir Mohamed, na wabunge wakajifungia Naivasha. Ndani mlikuwa na kambi mbili. ODM ya Raila Odinga kwa miaka mingi ilikuwa imepigania Waziri Mkuu mwenye nguvu. PNU ya Rais Kibaki ilitaka Rais mtendaji. Walipotoka, wadhifa wa Waziri Mkuu haukuwapo tena: Kenya ingekuwa na Rais mtendaji, lakini aliyezungukwa na Bunge na Mahakama zenye meno. Ngazi ya majimbo nayo iliondolewa, zikabaki mbili, taifa na kaunti.

Jiulize kama mwafaka huo ungepatikana mbele ya kamera. Mwanasiasa anayetazamwa na wafuasi wake halegezi kamba. Akilegeza huitwa msaliti kabla jua halijazama. Bomas ilifanyika hadharani, ikiwa na wajumbe zaidi ya 600, na ilifika mwisho upande wa serikali ukiwa umetoka nje ya ukumbi. Kwa hiyo mlango uliofungwa haunitishi. Kinachonitisha ni karatasi inayotoka mlangoni humo ikawa ndiyo ya mwisho. Kenya haikuwa hivyo. Sheria ilitaka makubaliano ya Naivasha yarudi kwa wataalamu, nao wakapewa siku 21 kuyatia ndani ya rasimu, kuangalia kama ibara moja haigombani na nyingine, kisha kuikabidhi tena. Walifanya hivyo tarehe 23 Februari.

"Wengi wape, basi imepita"

Laiti ingekuwa rahisi hivyo. Kanuni ya kura huamua mengi kuliko hotuba zote. Nchini Kenya, rasimu ilipofika bungeni, asilimia 65 ya wabunge wote ilihitajika ili kuibadilisha. Mabadiliko zaidi ya 100 yalipendekezwa. Hakuna hata moja lililofikisha idadi, na tarehe 1 Aprili 2010 rasimu ikapita kama ilivyoletwa. Aliyebaki nyumbani siku hiyo aliisaidia rasimu, apende asipende.

Tanzania kanuni iligeuzwa upande wa pili. Katika Bunge Maalum la Katiba, lililoanza Dodoma Februari 2014 na kuongozwa na Samuel Sitta, theluthi mbili zilihitajika ili kupitisha, tena theluthi mbili za wajumbe wa Tanzania Bara na theluthi mbili za Zanzibar, kila upande peke yake. Kwa hesabu hiyo kiti kitupu kilikuwa sawa na kura ya hapana. Ndiyo maana UKAWA, umoja wa vyama vya upinzani, walipotoka Aprili 16, waliotulia walianza kuhesabu wajumbe wa Zanzibar mmoja mmoja. Na ndiyo maana ugomvi wa kura ya wazi au ya siri ulikula wiki nzimanzima. Wengi waliuona kama upuuzi wa watu wanaokula posho. Kwa maoni yangu lilikuwa moja ya maswali mazito zaidi ya Bunge lile, kwani mjumbe anayetazamwa na kiongozi wa chama chake hupiga kura nyingine na yule aliye peke yake na karatasi.

"Maoni ya wananchi yakishakusanywa, hayaguswi"

Nchini Tanzania, Tume ya Mabadiliko ya Katiba chini ya Jaji Joseph Warioba ilizunguka nchi, ikasikiliza watu, ikatoa rasimu ya kwanza Juni 2013, ikaipeleka kwenye mabaraza ya katiba ya wilaya, ikatoa ya pili Desemba 30. Rasimu ilikuja na serikali tatu (ya Muungano, ya Tanganyika na ya Zanzibar), haki ya wapiga kura kumwondoa mbunge wao katikati ya kipindi, na ukomo wa ubunge wa vipindi vitatu. Baada ya Warioba kuiwasilisha Dodoma, Tume ilivunjwa. Kalamu ikahamia kwa kamati 12 za Bunge Maalum, kisha kwa Kamati ya Uandishi chini ya Andrew Chenge. Katiba Inayopendekezwa iliyokabidhiwa kwa Rais Kikwete tarehe 8 Oktoba 2014 ilikuwa na serikali mbili, na yale mengine mawili hayamo.

Tofauti na Kenya ndiyo hii. Bunge lilikuwa na haki ya kujadili, hilo silipingi. Lakini waliosikiliza wananchi hawakuwapo tena kuuliza kwa nini neno hili limetoka. Kura ya maoni iliyopangwa Aprili 30, 2015 iliahirishwa, na haijapigwa.

"Katiba ya Kiswahili na ya Kiingereza ni ileile"

Ibara ya 7 ya Katiba ya Kenya inakifanya Kiswahili lugha ya taifa, na lugha rasmi sambamba na Kiingereza. Soma basi Ibara ya 259: nakala za lugha mbalimbali zikigongana, ya Kiingereza ndiyo inayoshinda. Rasimu za Tanzania zilijadiliwa kwa Kiswahili, neno kwa neno, na mkulima wa Kilosa aliweza kubishana na jaji juu ya maana ya neno moja. Katika mchakato ule, hilo tulilifanya vizuri.

"Ikishapitishwa, kilichobaki ni uchapaji tu"

Mei 2010, ikiwa imebaki takribani miezi mitatu Wakenya wapige kura, ziligunduliwa nakala zilizotoka kwa mpigachapa wa serikali zenye maneno ambayo hayakupitishwa na kamati yoyote wala Bunge. Yalikuwa machache: "usalama wa taifa", yamepachikwa katika Ibara ya 24, ile inayoeleza haki za mtu zinaweza kuwekewa mipaka lini. Kwa maneno hayo, serikali yoyote ingeweza kuminya karibu kila haki iliyoandikwa katika sura nzima. Mwanasheria Mkuu aliyakana, nakala zile zikaondolewa, na tarehe 4 Agosti takribani asilimia 67 ya wapiga kura waliikubali Katiba isiyo na maneno hayo.