MySpace haikuwa ghala la nyimbo

Wengi huamini kwamba wimbo ukishapakiwa mtandaoni, umehifadhiwa. Sivyo. Waulizeni waliokuwa MySpace.

Mtandao huo wa kijamii ulianza 2003 ukajaa bendi zisizo na mkataba na lebo yoyote: ukurasa ulikuwa wa bure, na mashabiki walikuwa humo humo. Mwaka 2005 News Corporation ya Rupert Murdoch iliinunua kampuni mama yake kwa dola milioni 580. Kwa maoni yangu, sehemu kubwa ya thamani hiyo ilikuwa umati ulioletwa na wanamuziki wenyewe, ambao hawakuambulia kitu. MySpace Music, huduma yake ya muziki, ilipoanzishwa 2008, lebo kubwa zilipewa hisa. Merlin, inayowakilisha lebo huru, ililalamika hadharani kwamba imeachwa nje.

Machi 2019 ndipo ikajulikana: faili zilizopakiwa zaidi ya miaka mitatu nyuma huenda zilipotea seva zilipohamishwa. Vyombo vya habari vilikadiria nyimbo milioni 50 za wasanii milioni 14. Internet Archive, maktaba ya mtandaoni, ilipata takriban 490,000 tu, tena kwa bahati, kwa kuwa watafiti fulani walikuwa wamezipakua kabla.

Kiini kiko kwenye yale masharti tunayoyabofya bila kuyasoma. Kwa kawaida humpa mwenye jukwaa ruhusa ya kuutumia wimbo wako; hayamfungi kuutunza. Na unachokisikiliza pale huwa ni nakala iliyobanwa, yaani iliyopunguzwa ubora ili faili liwe dogo. Miksi ya mwisho ya WAV (faili la sauti lisilobanwa), na sauti ya kila ala peke yake, ni za kuweka kwenye diski zako mwenyewe, mbili, nyumba tofauti.