Gari Lako Likiwa Baharini: Yanayosemwa Mbeya na Ukweli Wake

Anayeagiza gari Japani akiwa Mbeya au Iringa huogopa matapeli wa mtandaoni, ushuru, na dereva atakayelipandisha Mlima Kitonga. Bahari haimo kwenye hofu zake. Hapo ndipo watu wanapoumia, kwa kuamini maneno ya vijiweni.

"Nimelipa CIF, nina bima ya kila kitu."
Hapana. CIF ni bei ya gari pamoja na bima na nauli ya meli, lakini Incoterms 2020, kanuni za kimataifa za mauzo, zinamtaka muuzaji akate bima ya kiwango cha chini tu: moto, meli kuzama au kupinduka, kugongana. Mikwaruzo, redio iliyonyofolewa, jeki na tairi la spea lililoibiwa havimo. Aliyelipa C&F, yaani gari na nauli tu, hana bima hata ya moto. Sheria ya Bima ya 2009 nayo inataka mzigo unaoingia nchini ukatiwe bima kwa kampuni iliyosajiliwa Tanzania. Ulizia hilo kabla hujatuma pesa.

"Likipotea, muuzaji atanitumia lingine."
Kwa CIF na C&F, hatari inahamia kwako gari likishapakiwa melini. Mwaka 2019 meli ya Golden Ray ilipinduka pwani ya Georgia, Marekani, ikiwa na magari zaidi ya 4,000, kwa sababu hesabu za uthabiti wake zilikosewa. Wenye magari hawakuwa na kosa lolote.

"Langu limefika zima, sidaiwi kitu."
Hili ndilo ningependa kila mwagizaji alielewe. Nahodha akilazimika kutoa mhanga sehemu ya mzigo, au kuingia gharama kubwa ili kuokoa meli nzima, kama kumwagia maji sitaha inayoungua au kuita meli ya uokoaji, hasara hiyo hugawanywa kwa wote wenye mali melini, kila mmoja kwa thamani ya alichookoa. Mwenye IST isiyo na hata mkwaruzo naye anachangia, na mwenye meli ana haki ya kulizuia gari mpaka apewe dhamana. Ukiwa na bima, kampuni yako ndiyo inayotoa dhamana hiyo. Usipokuwa nayo, utaweka pesa taslimu huku gharama za bandari zikipanda.

"Meli zinaunguzwa na magari ya umeme."
Mwaka 2020 Höegh Xiamen iliungua Jacksonville, Marekani, ikiwa imepakia magari yaliyotumika. Wachunguzi walisema huenda chanzo kilikuwa hitilafu ya umeme kwenye gari ambalo betri yake haikukatwa vizuri. Betri ya kawaida kabisa, kama iliyo kwenye Noah yako. Na Fremantle Highway ilipoungua mwaka 2023 karibu na Uholanzi, magari takriban 1,000 ya sitaha za chini yalikutwa yakiwa na hali nzuri, na karibu nusu yake yalikuwa ya umeme.

Kontena nalo halikuondolei hatari: Maersk Honam ilikuwa meli ya makontena, ikashika moto Bahari ya Arabu mwaka 2018 na mabaharia 5 wakafa.

"Nitalikagua likifika Mbeya."
Utakuwa umechelewa. Mwambie wakala alipige picha pande zote kabla halijatoka bandarini Dar, na kila kasoro iandikwe kwenye hati ya makabidhiano. Kasoro isiyoonekana kwa macho huripotiwa kwa maandishi ndani ya siku 3. Ukikaa kimya, huchukuliwa kuwa gari lilikabidhiwa zima, na wewe ndiye utakayetakiwa kuthibitisha kwamba bampa halikuvunjikia Mikumi.